Zora Arkus-Duntov: Mhandisi aliyeifundisha injini ya lori kupumua

MTU anayenuia kuifufua pikapu kuukuu ya Chevrolet na kuiunda upya injini yake ili iwe na nguvu kuliko ilivyotoka kiwandani, hafiki mbali kabla ya kukutana na jina la mtu aliyefariki mwaka wa 1996. Atalikuta katika orodha za vipuri, katika mazungumzo ya mafundi na hata katika jina la aina ya kamshafti: Duntov.

Jina hilo ni la Zora Arkus-Duntov, mhandisi aliyezaliwa Ubelgiji, akalelewa Urusi, akasomea Ujerumani, akaoa Ufaransa na hatimaye kuzikwa Amerika.

Wengi humkumbuka kwa Corvette, gari la michezo la kampuni ya General Motors. Lakini kazi iliyomtambulisha kwanza katika nchi yake mpya haikuhusu magari ya wenye nacho. Ilihusu malori ya mizigo yaliyokuwa yakichemka njiani, na ilimfilisi.

Maisha yake ni kisa cha mtu aliyeshindwa kuuza uvumbuzi wake, kisha akaishawishi mojawapo ya kampuni kubwa zaidi duniani kwamba vijana hawavutwi na matangazo pekee. Huvutwa na vipuri wanavyoweza kununua na kufunga kwa mikono yao wenyewe.

Malezi yenye baba wawili

Alizaliwa Zachary Arkus mnamo Desemba 25, 1909, jijini Brussels. Wazazi wake walikuwa Wayahudi wenye asili ya Urusi. Baba alikuwa mhandisi wa madini naye mama mwanafunzi wa udaktari. Familia ilirejea Urusi, na mtoto huyo akakulia katika jiji ambalo baadaye liliitwa Leningrad, akiyashuhudia mapinduzi ya 1917 akiwa mvulana mdogo.

Ndoa ya wazazi wake ilivunjika. Mama akaanza maisha na Josef Duntov, aliyekuwa pia mhandisi. Jambo lisilo la kawaida ni kwamba baba mzazi, Jacques Arkus, aliendelea kuishi na familia hiyo chini ya paa moja. Ili kuwaheshimu wazee hao wote wawili, Zora na mdogo wake Yura baadaye waliyaunganisha majina yao, wakajiita Arkus-Duntov.

Mnamo 1927 familia ilihamia Berlin, Duntov alipopewa kazi katika ujumbe wa biashara wa Muungano wa Kisovieti. Hapo ndipo kijana alipopata pikipiki ya sentimita mchemraba 350, ambayo aliiendesha barabarani na kwenye uwanja wa mbio. Wazazi, kwa kuyahofia maisha yake, walimsihi aiache atafute chombo chenye magurudumu manne. Alitii kwa namna yake: aliibadilisha kwa kigari cha mbio.

Alihitimu uhandisi katika chuo cha ufundi cha Charlottenburg mwaka wa 1934. Wakati huo Adolf Hitler alikuwa amekwisha kutwaa mamlaka, na Berlin haikuwa tena mahali pa Myahudi kujenga maisha.

Kuikimbia vita

Mwaka wa 1939, vita vikinukia, alifunga ndoa na Elfi Wolff, mchezaji densi mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa akifanya kazi Paris. Vita vilipolipuka, Zora na Yura walijiunga na jeshi la wanahewa la Ufaransa.

Ufaransa ilisalimu amri mnamo Juni 1940. Zora alifaulu kupata stakabadhi za safari kutoka kwa ubalozi mdogo wa Uhispania mjini Marseille, lakini mkewe alikuwa angali Paris. Elfi aliingia katika kigari chake aina ya MG na kuendesha hadi Bordeaux, majeshi ya Ujerumani yakimfuata kwa nyuma. Ndugu hao wawili nao walikuwa wamejificha katika danguro.

Waliungana tena siku chache baadaye, wakavuka hadi Ureno na kupanda meli iliyowapeleka New York. Walifika wakiwa wakimbizi. Zora alikuwa amekaribia umri wa miaka 31.

Malori yaliyochemka

Jijini New York, yeye na nduguye walianzisha kampuni waliyoiita Ardun, jina lililofinyangwa kutokana na Arkus na Duntov. Wakati wa vita iliunda vipuri kwa matumizi ya jeshi, ikakua hadi kuajiri watu wapatao 300. Vita vilipomalizika, zabuni hizo zilikoma, na ikawabidi kutafuta bidhaa nyingine ya kuuza.

Waliiona katika injini ya V8 ya Ford. Tangu ilipozinduliwa mwaka wa 1932, injini hiyo ilikuwa imewapa watu wa kawaida silinda nane kwa bei waliyoimudu. Ilitumika katika magari madogo, pikapu na malori, na vijana waliopenda kasi waliigeuza kuwa chombo cha mbio.

Lakini ilikuwa na udhaifu wa kimaumbile. Vali zake zilipangwa ubavuni mwa silinda, ndani ya bloku yenyewe, na moshi wenye joto kali ulilazimika kupita ndani ya bloku hiyo kabla ya kufika kwenye ekzosi. Katika kila upande, silinda mbili za katikati zilitumia tundu moja la kutolea moshi.

Matokeo yake ni kwamba joto lililopaswa kutupwa nje lilirudi kuyapasha maji ya kupoza injini. Gari dogo lingeweza kuvumilia. Lori lililosheheni mizigo na kupanda mlima kwa mwendo wa pole lilichemka.

Dawa waliyoibuni ndugu hao ilikuwa silinda hedi mpya za alumini. Vali zilihamishiwa juu ya pistoni, chumba cha kuchomea mafuta kikapewa umbo la nusu tufe, na moshi ukaelekezwa nje moja kwa moja pasipo kupita kwenye bloku. Kamshafti ilibaki mahali pake pa awali. Mwenye lori hakuhitaji kuitupa injini yake. Alihitaji tu kuibadilisha sehemu ya juu.

Faida ilikuwa maradufu. Joto lilipungua, na kwa kuwa hewa sasa iliingia na kutoka kwa wepesi, nguvu iliongezeka. Injini iliyotoa nguvu za farasi 100 iliweza kufikia takribani 160. Hesabu hizo mbili zilitokana na chanzo kimoja: injini iliyokuwa ikisongwa pumzi ilikuwa imefunguliwa koo.

Hata hivyo, soko halikuwa upande wao. Vifaa hivyo vilikuwa ghali na viliipanua injini kiasi cha kufanya iwe vigumu kutosha chini ya boneti za magari mengi. Ford haikuvichukua, na muda si muda iliachana na muundo huo wa zamani na kuleta V8 mpya yenye vali juu. Mvurugano wa fedha uliohusisha mshirika wa kibiashara uliimaliza kampuni ya Ardun.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Duntov alikwenda Uingereza kufanya kazi na Sydney Allard, muundaji wa magari ya mbio aliyekuwa akizitumia silinda hedi za Ardun. Akiwa na Allard, alishindana katika mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mnamo 1952 na 1953.

Waraka wa Desemba

Mnamo Januari 1953, akiwa amerejea Amerika, alihudhuria maonyesho ya General Motors katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York. Huko aliliona gari la Corvette kwa mara ya kwanza. Umbo lake lilimvutia mno, ila chini ya boneti mlikuwa na injini ya silinda sita iliyounganishwa na giaboksi ya kujiendesha yenye gia mbili tu.

Aliandikia kampuni hiyo akieleza mapenzi yake kwa gari hilo na jinsi lingeweza kuboreshwa. Ed Cole, mhandisi mkuu wa kitengo cha Chevrolet, alivutiwa naye. Mei 1, 1953, Duntov aliripoti kazini jijini Detroit. Alikuwa na umri wa miaka 43 na hakuwa na cheo kikubwa.

Haikumzuia kuwaambia wakubwa wake wasichotarajia kusikia. Mnamo Desemba mwaka huo, miezi saba tu baada ya kuajiriwa, aliwaandikia waraka kuhusu vijana, magari ya kasi na Chevrolet.

Hoja yake ilikuwa wazi. Majarida ya vijana waliojiundia magari yalijaa habari za Ford kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kijana aliyejifunza ufundi kwa injini ya Ford angekua, aoe, apate mapato na kuendelea kununua Ford. Chevrolet ilikuwa ikiandaa V8 yake, lakini ubora wa injini pekee haungetosha, kwa kuwa vijana walikuwa na miaka mingi ya ujuzi wa Ford na maduka yaliyojaa vifaa vyake.

Suluhisho alilopendekeza ni kampuni yenyewe kuandaa vipuri vya kuongeza nguvu: kamshafti, vali, springi, njia za hewa na pistoni. Vijaribiwe na wahandisi wa kiwanda, vilingane, kisha viuzwe kwa yeyote atakaye. Kwa njia hiyo, muda ambao vijana wangetumia kukosea na kujaribu tena ungefupishwa.

Aliyeandika hayo alikuwa mtu aliyekwisha kuonja uchungu wa kuuza kifaa kizuri kisicho na kampuni kubwa nyuma yake.

Injini ndogo, maisha marefu

V8 mpya ya Chevrolet ilitoka kwa magari ya mwaka wa 1955. Ilikuwa na ujazo wa lita 4.3, na licha ya kuwa na silinda nane ilikuwa nyepesi kuliko injini ya silinda sita iliyoitangulia. Duntov hakuibuni, sifa hiyo ni ya Ed Cole na wahandisi wake. Lakini yeye ndiye aliyeonyesha umbali ambao ingeweza kufika.

Mwaka huo huo, pikapu mpya za Chevrolet zilizotoka mwezi Machi ziliweza kununuliwa zikiwa na injini hiyo. Hivyo mkulima na mwanakandarasi walijikuta wakiendesha ndugu wa injini iliyokuwa ikiandaliwa kuvunja rekodi.

Mnamo Septemba 1955, Duntov alipanda Mlima Pikes Peak katika jimbo la Colorado kwa gari la Chevrolet la mwaka wa 1956 lililofichwa umbo lake kwa kuwa halikuwa limezinduliwa. Barabara hiyo, iliyokuwa ya changarawe wakati huo na yenye urefu wa takribani kilomita 20, hufika kilele cha mita 4,300, ambako hewa ni haba na kila injini hupungukiwa na nguvu. Alitumia dakika 17 na sekunde 24, akaipunguza rekodi ya awali ya magari ya aina hiyo kwa takribani dakika mbili.

Kisha akageukia Corvette. Lengo lake lilikuwa maili 150 kwa saa, yaani kilomita 241, na hesabu zilimwonyesha kuwa injini ilivyokuwa haingefika huko. Badala ya kuongeza ukubwa wake, alibuni kamshafti mpya.

Kamshafti ndiyo huamua ni lini vali zifunguke, zifunguke kwa kiasi gani na zikae wazi kwa muda gani. Njia rahisi ya kutafuta nguvu ni kuziinua zaidi. Duntov hakutegemea kuinua vali juu zaidi. Alizingatia umbo la meno ya kamshafti na muda wa vali kukaa wazi, ili injini ipate hewa ya kutosha hata inapozunguka kwa kasi kubwa mno.

Januari 1956, kwenye mchanga wa ufuo wa Daytona, jimboni Florida, aliendesha Corvette kwa kasi ya maili 150.583 kwa saa, sawa na kilomita 242. Kamshafti hiyo ikaanza kuuzwa kwa wateja, na jina lake likaambatana nayo hadi leo.

Mgongo uliovunjika

Duntov hakuwa mhandisi wa kukaa mezani. Mnamo 1954 na 1955 alishinda katika kundi la magari ya sentimita mchemraba 1,100 pale Le Mans akiendesha Porsche. Mbio hizo za 1955 ndizo zilizoshuhudia mkasa mbaya zaidi katika historia ya mchezo huo, gari lilipoingia katika umati na kuua watazamaji zaidi ya 80.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu yake kuumia. Alivunjika mgongo gari alilokuwa akilifanyia majaribio katika uwanja wa General Motors lilipopata ajali. Alirejea kazini mwili wake ukiwa ungali umefungwa kifaa cha kuushikilia, akaungana na mhandisi John Dolza katika kazi ya kuunda mfumo wa kupuliza petroli kwenye injini badala ya kutumia kabureta.

Mfumo huo ulitoka mwaka wa 1957 katika injini iliyokuwa imeongezwa ujazo hadi inchi mchemraba 283, sawa na lita 4.6. Ulitoa nguvu za farasi 283, yaani moja kwa kila inchi mchemraba. Kwa gari lililouzwa kwa umma wakati huo, hilo lilikuwa jambo la kujivunia.

Furaha haikudumu. Mnamo Juni 1957, watengenezaji wa magari wa Amerika walikubaliana kujiondoa katika mashindano. Duntov aliamriwa kuachana na mbio, lakini wazo la waraka wake lilikuwa limekwisha kuota mizizi. Vipuri viliendelea kuuzwa, na mteja aliyejua anachotafuta aliweza kuvipata kwa wakala wa Chevrolet.

Alijaribu tena mnamo 1962, akianzisha mradi wa magari mepesi ya mbio yaliyoitwa Grand Sport. Alikusudia kuunda 125. Wakubwa walipobaini, waliusimamisha mradi huo mapema mwaka wa 1963, yakiwa yameundwa matano pekee.

Funzo kwa mwenye pikapu

Urithi wa Duntov huonekana wazi zaidi katika karakana ambamo pikapu ya zamani imeinuliwa boneti kuliko katika jumba la makumbusho. Injini ile ya 1955 iliendelea kukuzwa, na mwaka wa 1967 ikafikia ujazo wa lita 5.7. Kwa kuwa umbo lake la nje halikubadilika sana, bloku ya miaka ya baadaye huweza kuingia katika pikapu ya zamani bila ya kulifumua gari zima.

Wepesi huo ndio humponza asiyepanga. Hununua kamshafti kwa sababu ya jina, kabureta kwa sababu ya ukubwa na silinda hedi kwa sababu ya bei, kisha hushangaa gari linapokosa nguvu. Duntov alipendekeza vipuri vilivyojaribiwa pamoja kwa sababu alijua kuwa kila kimoja hutegemea kingine.

Swali la kwanza ni kazi ya gari. Kamshafti za Duntov zilikusudiwa injini inayozunguka kwa kasi ya juu katika gari jepesi. Pikapu ya kuvuta tela au kubeba mchanga huhitaji msukumo mwingi injini inapozunguka polepole. Ikifungwa kamshafti ya mbio, itatetemeka inaposimama, itakuwa nzito kuondoka, na nguvu ya mvuto wa hewa inayosaidia breki zenye kisaidizi itapungua.

La pili ni kupima kabla ya kununua. Bloku huchunguzwa iwapo ina ufa, silinda hupimwa zilivyolika na krenki shafti hukaguliwa. Ikibidi silinda zichongwe, mara nyingi hupanuliwa kwa inchi 0.030, takribani milimita 0.76, na pistoni kubwa zaidi huhitajika. Anayenunua pistoni kabla ya vipimo huenda akazinunua mara mbili.

La tatu ni petroli. Injini zenye nguvu za enzi ya Duntov zilikuwa na mgandamizo mkubwa. Ile ya farasi 283 ilikuwa na uwiano wa 10.5 kwa 1. Zilinyweshwa petroli ya hali ya juu iliyotiwa madini ya risasi. Risasi hiyo ilisaidia kuzuia injini kugonga na pia ilikinga viti vya vali za kutolea moshi visilike.

Petroli hiyo haipo tena. Shirika la Umoja wa Mataifa kuhusu Mazingira (UNEP), lenye makao makuu jijini Nairobi, lilitangaza mnamo Agosti 2021 kuwa matumizi yake katika magari yalikuwa yamekoma kote duniani. Kwa hivyo anayeunda upya injini ya zamani hulazimika kupunguza mgandamizo ulingane na petroli iliyopo, na kuweka viti vya vali vya chuma kigumu katika silinda hedi za zamani.

La nne ni pumzi. Njia ya hewa huanzia kwenye kabureta, hupitia vali na kuishia kwenye ncha ya ekzosi. Ikibanwa mahali pamoja, upana wa kwingineko hauna faida. Hilo ndilo tatizo lile lile ambalo ndugu wa Ardun walilikuta katika lori la Ford.

La tano ni uvumilivu. Kamshafti ya aina ya zamani, inayosuguana moja kwa moja na tapeti bapa, huweza kuharibika katika dakika za mwanzo. Mafundi huipaka mafuta mazito, hutumia oili yenye zinki, na mara inapowaka huiacha injini izunguke karibu mara 2,000 kwa dakika kwa takribani dakika 20. Huangaliwa pia springi za vali ziwe zinalingana na kamshafti yenyewe.

Mwisho ni yale yaliyo nje ya injini. Nguvu zaidi ni joto zaidi, hivyo rediata sharti iweze kulihimili. Pikapu za miaka ya hamsini zilikuwa na breki za dramu kwa magurudumu yote manne, zilizokusudiwa mwendo wa wakati huo. Anayeongeza kasi bila ya kuongeza uwezo wa kusimama amefanya nusu ya kazi, na ni ile nusu ya hatari.

Ndoto iliyotimia baada ya kaburi

Duntov alistaafu mwanzoni mwa 1975 akiwa mhandisi mkuu wa Corvette. Alikuwa amesimamia kuzaliwa kwa toleo la Sting Ray la 1963, lililokuwa na mfumo wa magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, na kuwekwa kwa breki za diski mwaka wa 1965.

Jambo moja lilimshinda. Kwa miaka mingi aliitaka kampuni ihamishe injini ya Corvette kutoka mbele na kuiweka nyuma ya dereva, ili uzito ukae panapofaa. Aliunda magari kadhaa ya majaribio. Wakubwa waliyatazama, wakayapeleka kwenye maonyesho, na kukataa kuyauza.

Aliendelea kuonekana katika hafla za wapenzi wa gari hilo hadi uzeeni. Alifariki jijini Detroit mnamo Aprili 21, 1996, akiwa na umri wa miaka 86. Majivu ya mwili wake yamehifadhiwa katika makumbusho ya Corvette mjini Bowling Green, jimboni Kentucky. Elfi, mwanamke aliyeendesha MG kuyakimbia majeshi ya Hitler, aliishi hadi 2008.

Novemba 2011, General Motors ilitangaza kuunda injini ya milioni 100 katika ukoo wa V8 ulioanza mwaka wa 1955. Mwaka wa 2019, miaka 23 baada ya kifo chake, ilizindua Corvette ya kwanza ya kuuzwa kwa umma yenye injini nyuma ya dereva.

Nazo silinda hedi za Ardun, zilizoifilisi kampuni yake, sasa husakwa kwa bei ya juu na wenye magari ya kale, na nyingine huundwa upya kwa mfano wa zile za kwanza. Zilizinduliwa kwa ajili ya malori yaliyochemka, zikakosa wanunuzi. Lakini aliyezibuni aliondoka nalo funzo moja, naye akalitoa kwa kila aliyekuja baadaye na spana mkononi: kabla ya kuidai injini nguvu, kwanza ipe hewa, uiondolee joto, na ujue unaituma wapi.